Mabeseni Matano, Mwanafunzi Mmoja

Jambo la kwanza mtakaloulizwa ni namba. Hamtaulizwa kama mtoto anakula, wala kama ameacha kuuma kucha. Baba atapiga simu siku ya kufunga shule aulize, "Amekuwa namba ngapi?" Nanyi mtakuwa mmekaa jikoni kwake na mtoto mmoja tu mbele yenu, mkitafuta jibu. Mimi nililitafuta miaka mingi, na aliyelipata hakuwa mimi. Kwa kuwa ninyi walimu mnaoanza kazi hii ya majumbani mmechukua mabeseni yangu na mnaniuliza kila mara yanavyotumika, acheni niwaeleze tangu mwanzo.

Nilianza kazi kwenye shule moja ya msingi hapa Nakuru, darasa la watoto wapatao sabini. Huko nilijifunza mambo mawili: kupaza sauti, na kuandika ubaoni bila kuwapa watoto kisogo. La pili bado naliweza, ingawa sijapata pa kulitumia. La kwanza liliniharibu koo. Daktari alinimulika kwa tochi akaniambia nizungumze kwa sauti ya chini maisha yangu yote yaliyobaki. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema pole. Ndivyo nilivyoingia kazi ya kufundisha watoto majumbani. Wengine husema waliitwa na Mungu. Mimi nilifukuzwa na koo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Milimani, mtoto wa kiume wa miaka saba ambaye pumu ilikuwa imemtoa shuleni. Nilifika Jumatatu nikiwa na kengele, chaki, saa ya ukutani na daftari la mahudhurio. Nikamsimamisha barazani tufanye gwaride. Tukaimba wimbo wa taifa watu wawili, na mlinzi wa jirani akasimama wima upande wa pili wa ua mpaka tukamaliza. Kisha nikaita majina. Jina lilikuwa moja. Akajibu yupo, nikaweka alama. Alipotaka kusema nilimtaka ainue mkono, na kila alipouinua alitazama kwanza huku na huku kuona kama kuna aliyemtangulia. Nilipopiga kengele ya mapumziko, msichana wa kazi alitoka mbio na bakuli mkononi akidhani ni muuza aiskrimu. Hiyo ndiyo siku pekee kengele yangu iliwahi kumfurahisha mtu.

Ijumaa yule mtoto aliinua mkono, nikamruhusu.

"Ticha," akauliza kwa adabu, "wale wengine wanakuja lini?"

Nilienda moja kwa moja kwa Mwalimu Tabitha, mama mzee aliyekuwa ameendesha shule ya chekechea kwenye ukumbi wa kanisa Bondeni tangu mimi sijui kusoma. Nilimweleza kuhusu gwaride. Alicheka hadi akaomba aletewe kiti, na alikuwa ameshakaa. Kisha akainama chini ya kitanda akatoa mabeseni matano ya plastiki, yale ya kufulia, moja ndani ya jingine.

"Nyambura," akasema, "wewe umebeba shule nzima ukaipeleka kwa nyumba ya mtu. Nyumba iko na shule yake. Kazi yako ni kuipanga tu."

Mpango wake ndio huu, na sijapata mwingine ulio bora. Kila siku ya shule ina beseni lake. Ijumaa, mtoto akishamaliza, unakaa chini na kuyajaza yote ya wiki ijayo: kamba, vikombe vya kupimia, mbegu, makasi, udongo, vipande vya kadibodi vilivyoandikwa maagizo. Asubuhi mtoto huvuta beseni la siku hiyo mwenyewe, hutoa vitu mwenyewe, na huvirudisha mwenyewe. Vitu vyote vikirudi ndani ya beseni, shule imefungwa. Usipige kengele. Ukiona kitu kimekosekana, hakuna anayeenda kucheza mpaka kipatikane, na hapo wewe pia unahesabiwa, kwa hiyo usitembee na makasi mfukoni.

Alinipa na sharti moja, akalirudia hadi mlangoni. Kila sentensi utakayompa mtoto asome iwe ni ya kufanywa, na akishaisoma aifanye papo hapo kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Ikisema ruka, aruke. Ikisema funga mlango, mlango ufungwe. Sentensi isiyo na cha kufanya, kama zile za Juma ana mpira, ingoje mpaka mtoto awe na nafasi ya kupoteza.

Mabeseni yana shida zake. Ya kwanza ni kwamba ni mabeseni. Mama wa nyumba akitaka kufua, hatafuti kwingine, na mara nyingi nimefika asubuhi nikakuta Jumatano yote imemwagwa kitandani na soksi zimelowekwa mahali pake. Ya pili ni chakula. Mwanzoni nilifundisha kuhesabu na kugawanya kwa mahindi na maharagwe, mpaka nyanya wa yule mtoto wa Milimani alipokuja kutembea, akaona chakula kikavu ndani ya beseni, akafanya kile ambacho mtu yeyote wa huku kwetu angefanya. Nilikuta hesabu za mwezi mzima zimechemshwa zikawa githeri. Tulikula. Tangu hapo natumia vifuniko vya soda, na mpaka nastaafu hakuna aliyewahi kuvipika.

Ya tatu ni wanyama. Tulifinyanga Bonde la Ufa kwenye sinia kubwa, milima ya udongo pande zote, Menengai yenye shimo lake, na maziwa tukayajaza maji yenye rangi ya buluu. Miaka hiyo maziwa ya kweli yalikuwa yanafurika hadi kwenye mashamba ya watu. Letu la Naivasha lilinywewa na paka. Mtoto aliandika kwamba kina cha maji kimeshuka kwa sababu zisizojulikana, na mimi nikaweka tiki, maana paka hatukumwona kwa macho.

Nimefundisha nyumba nyingi kwa mabeseni hayo na sitawachosha kwa zote. Nitawaambia ya Chemutai, kwa sababu ndiyo mnayouliza na kwa sababu ndiyo iliyonilaza macho.

Chemutai alikuwa na miaka kumi. Mama yake ni fundi wa cherehani Bondeni, anashona kwenye baraza ya nyumba yao, zile nyumba za zamani za baraza la mji. Baba yake ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana wikendi moja moja. Kuhusu malipo yangu sitasema kitu, ila nguo zangu zote za miaka hiyo zilishonwa Bondeni na zote zilinitosha vizuri.

"Mwalimu, huyu mtoto akifika kwa gate ya shule anatapika," mama yake aliniambia siku ya kwanza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Kila asubuhi. Tumempeleka hospitali, daktari anasema tumbo iko sawa. Jumamosi hatapiki. Sasa hiyo ni ugonjwa gani inajua Jumamosi?"

Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi chini ya meza ya cherehani, kati ya vitambaa, akinitazama viatu. Nikaelezwa kwamba darasa lake lilikuwa na watoto hamsini na wanane, na kwamba mihula mitatu mfululizo alikuwa namba hamsini na nane. Mtaala mpya unasema watoto wasipangwe kwa namba. Karatasi ya darasa lake ilibandikwa ukutani hivyo hivyo, na jina lake likiwa la chini kabisa ndilo lililokuwa karibu na macho ya watoto wadogo wanaopita. Hakujua kusoma, lakini jina lake alilijua, na alijua lilipo.

Baba yake alikuja mwisho wa wiki hiyo. Si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alinywa chai akiwa amesimama, kama madereva wengi wanavyofanya, akanieleza msimamo wake.

"Mwalimu, mimi siwezi kukudanganya. Mtoto anaenda shule. Hakuna mtoto wa kushinda kwa nyumba na mabeseni. Nakupatia mpaka December. Akiwa anasoma, sawa, tutaongea. Akiwa hawezi, January anaingia boarding. Huko watamnyoosha."

Aliyasema hayo bila kunong'ona. Chini ya meza vitambaa vilitikisika, kisha Chemutai akatoka akipita kati yetu na kwenda nje. Tulimsikia akitapika kando ya karo la kufulia. Ilikuwa Jumamosi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Mtoto anayetapika kwenye lango la shule ya kutwa, mkampeleke kwenye shule ambayo atalala ndani yake. Nilijua huko hatanyooshwa, atavunjika. Na kizuizi pekee kati yake na hilo lango kilikuwa mimi, koo langu bovu, na vyombo vya kufulia.

Majuma ya kwanza hakugusa beseni. Mwalimu Tabitha alikuwa ameshanionya kuhusu watoto wa namna hii: usimwite, na usimbembeleze. Kwa hiyo kila asubuhi nilivuta beseni la siku mwenyewe, nikakaa sakafuni, mtu mzima wa makamo yangu, nikajisomea kadibodi kwa sauti huku kidole kikifuata maneno. Pitisha uzi kwenye kitufe. Nikapitisha. Funga ncha. Nikafunga. Zungusha, kisha vuta. Nikavuta, na kile kitufe kikubwa cha koti kikaanza kuzunguka na kuvuma kati ya mikono yangu. Wateja wa Mama Chemutai walikuwa wakisimama barazani kunitazama. Mmoja aliuliza kama mimi ndiye mgonjwa.

Mvumo wa kitufe ndio uliomtoa chini ya meza. Alikaa hatua chache kutoka kwangu akanyoosha mkono. Nikampa kadibodi badala ya kitufe. Tulitazamana kwa muda, kila mmoja akiwa mkaidi kuliko mwenzake, halafu akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida, na kazi ya kawaida ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tulipima baraza kwa futi ya kushonea. Tuliotesha sukumawiki kwenye magunia, moja kivulini na moja juani, tukasoma tofauti kwa kula. Tulikata ruwaza za nguo za mwanasesere, na mama yake akazikosoa kama za mteja. Na kila Ijumaa tulipika mandazi kwa maagizo yaliyoandikwa kwenye kadibodi: weka vikombe vinne vya unga, weka chumvi kidogo, koroga. Ijumaa ya kwanza alisoma mstari wa chumvi mara mbili, akautekeleza mara mbili. Yalipoiva tuliketi watu watatu, tukayala. Mama yake alikunywa maji mengi. Chemutai alitafuna polepole akituangalia mmoja mmoja, akingoja, na nadhani alikuwa akingoja mtu atoe karatasi aibandike ukutani. Hakuna aliyebandika. Ijumaa iliyofuata alisoma mstari wa chumvi mara moja, akakifunga kichupa cha chumvi na kunikabidhi nikishike.

Kufikia Novemba alikuwa anasoma. Polepole, kwa kidole, kwa kukatakata neno vipande kama mtu anayeteremka ngazi gizani, lakini anasoma. Sikumwambia baba yake. Nilitaka aje mwenyewe aone.

Siku ya kufunga mwaka ilikuwa Ijumaa ya mandazi. Simu ya Mama Chemutai ikalia, ni baba, yuko Mai Mahiu anabadilisha tairi, nyuma yake malori yakipiga honi.

"Shule zimefungwa, si ndiyo? Amekuwa namba ngapi?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama mafuta. Chemutai akaichukua simu kwa mkono wa unga.

"Namba moja," akasema.

Lilikuwa jibu sahihi na hakucheka. Ng'ambo ya pili tulisikia mtu akipiga kelele za furaha, akimwambia mwenye tairi, na mwenye tairi akimwambia mwingine, kisha simu ikakatika. Tulidhani atapiga tena. Hakupiga, maana alikuwa anampigia baba yake mzazi kule Olenguruone. Kabla mandazi hayajapoa, babu, ambaye Chemutai humwita Kugo, alikuwa ameshachagua mbuzi.

Hapo ndipo nilipoona hatari. Mtoto aliyekimbizwa kutoka shuleni na karatasi ya ukutani, sasa angesimamishwa mbele ya ukoo mzima na majirani, na mtu mmoja tu akiuliza swali la kawaida, aibu ile ile ingemrudia, na safari hii mbele ya watu anaowapenda. Na Januari ilikuwa inakaribia.

"Mwalimu, mimi kumwambia mzee siwezi," mama yake akasema. "Mbuzi ameshafungwa kamba. Wewe ndiye mwalimu, wewe sema."

"Nitamwambia baba yake njiani," nikasema.

"Usiseme, Ticha," Chemutai akasema. Alikuwa anarudisha vikombe kwenye beseni na hakuinua uso. "Ni mimi nilisema namba moja. Nitawaambia mimi."

Tulienda Olenguruone kwa pikapu ya kuazima, baba akiendesha huku akipiga mluzi. Sikuwa nimewahi kumsikia akipiga mluzi. Nilikaa na siri yangu kuanzia Molo mpaka juu kwenye baridi, na kila alipogeuka kunishukuru nilijifanya natazama mashamba ya viazi.

Walitupokea getini. Shangazi zake walimvisha Chemutai sinendet shingoni, ule mmea wa kutambaa wanaowavisha washindi, na Kugo akamnywesha mursik kwenye kibuyu, maziwa ya kugandisha yenye mkaa, kama mwanariadha aliyetua na medali kutoka Ulaya. Alikunywa yote. Mimi pia nilipewa, na kwa heshima yangu wakawa wanazungumza Kiswahili.

Tulipokwisha kula, Kugo alisimama. Ni mtu mrefu, mwenye koti la mvua ambalo halivui ndani wala nje.

"Mmeona huyu?" akasema. "Walisema hajui kitu. Leo amekuwa namba moja."

Wakapiga makofi. Kisha mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa aliyekuwa na mfupa mkononi, akauliza, "Hongera, mtoto wetu. Na darasa lenu liko na watoto wangapi?"

"Mmoja," Chemutai akasema.

"Mmoja ni namba yako. Nauliza watoto."

"Mtoto ni mmoja. Ni mimi."

Nilisikia ng'ombe wakitafuna ng'ambo ya ua. Baba yake alimgeukia mama yake, mama yake akanigeukia mimi, nami sikuwa na wa kumgeukia. Kugo aliitazama mifupa iliyobaki.

"Mbuzi imeshaliwa," akasema. "Hatuwezi kuirudisha." Kisha akamwinamia mjukuu wake. "Na kule shule ulikuwa namba ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Kati ya watu wangapi?"

"Hamsini na nane."

"Basi umepanda," Kugo akasema.

Baadhi wakacheka. Baba yake hakucheka. Alikuwa amewaambia watu barabara nzima, kutoka Mai Mahiu hadi huku, na uso wake ulikuwa umeiva.

"Kumbe mmekuwa mkicheza," akasema. "January ni boarding. Hiyo maneno imeisha."

Rangi ya Chemutai ikabadilika. Mkono wake ukaenda tumboni, na mimi niliyekuwa nimeshaona hilo mara nyingi nikanyanyuka, lakini mama yake akanikamata gauni. Mtoto alimeza mate. Akameza tena.

"Baba, si ulisema nikisoma, tutaongea?"

"Nilisema ukisoma."

"Basi niletewe kitu ya kusoma."

Nyumba nzima ilikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, vyote vya Kikipsigis, na huko tulikuwa hatujafika. Kugo akaagiza iletwe chupa ya dawa ya kupe, kwa kuwa ndicho kitu pekee hapo chenye Kiswahili. Shangazi akaileta ikiwa imefungwa kwa mfuko wa plastiki. Chemutai akaisimamisha kwenye kiti, akapiga magoti, akaweka kidole.

"Ti-ki-sa chu-pa ka-bla ya ku-tu-mi-a." Akairudia yote kwa mkupuo. Halafu akaikamata ile chupa kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu, sinendet ikirukaruka shingoni. Watoto wakacheka. Akairudisha kwenye kiti.

"U-si-le wa-la ku-nywa u-na-po-tu-mi-a da-wa hi-i."

Akainua macho akatutazama. Kila mtu alikuwa na kikombe au nyama. Alingoja. Nilijua kwamba hataendelea, maana sentensi ilikuwa haijafanywa, lakini wao hawakujua. Aliendelea kungoja, akiwa amepiga magoti, bila haraka. Mzee wa kanisa akaweka mfupa chini. Kisha vikombe vikaanza kushuka kimoja kimoja, shangazi, wajomba, majirani, na wa mwisho akawa Kugo, ambaye alikunywa kwanza kilichobaki. Chemutai akarudi kwenye chupa.

Neno lililofuata lilikuwa refu. Alilikata, likamshinda. Akalikata upya.

"Ruka hiyo," Kugo akamwambia taratibu. "Hata mimi huwa naruka."

"Haturuki, Kugo." Kidole kikarudi mwanzo. "Nyu. Nyi. Zi. A. Nyunyizia. Nyunyizia mifugo mwili wote." Akatazama ng'ambo ya ua. "Hiyo mtafanya nyinyi, mimi sijafika hapo."

Ulibaki mstari mmoja chini kabisa, wenye herufi kubwa nyekundu. Aliusoma kimya kwanza, midomo ikitembea. Kisha akausoma kwa sauti, mzima, bila kuukata hata mara moja.

"Weka mbali na watoto."

Akasimama, akaichukua chupa, akavuka ua wote mpaka alipokuwa baba yake, akamwekea mikononi.

"Shika, Baba," akasema. "Mimi ni mtoto." Akarudi alikotoka na kukaa.

Baba yake alikaa na ile chupa jioni yote iliyobaki. Hakuna aliyeichukua kwake, naye hakuiweka chini. Aliagana na watu akiwa nayo, na tulipokaribia gari akanijia.

"Mwalimu, hii chupa nitairudisha kwa mzee."

"Sawa."

"Na ile maneno ya January..."

"Ndiyo?"

"Si tulikuwa tunaongea tu."

Nikamwambia ndivyo nilivyoelewa.

Kugo hakuridhika na bweni kusahauliwa tu. Januari ilipofika alimtuma Bondeni binamu yake Chemutai, Chepkoech, msichana mdogo aliyekuwa akilelewa kwake, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Ujumbe aliotumwa nao ulikuwa kwamba kuwa namba moja peke yako kunachosha. Mama Chemutai akanunua beseni la sita, na tangu hapo nguo zilifuliwa bila kumwaga Jumatano ya mtu.

Mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho wangu, kwa kuwa magoti nayo yalikuwa yamejiunga na koo. Lakini Ijumaa ya kufunga muhula wa kwanza nilikuwa bado pale, sakafuni, katikati ya unga. Wasichana walikuwa wameshindana kupika, kila mmoja na kadibodi yake na sufuria yake, na Mama Chemutai akawa mwamuzi. Simu ikalia. Mai Mahiu, malori, honi.

"Amekuwa namba ngapi?"

Chemutai akaichukua akiwa anasukuma donge la pili kwa mkono mwingine.

"Mbili," akasema.

"Kati ya wangapi?"

"Wawili. Chepkoech amenishinda na mandazi. Zake zimefura, zangu zimekaa kama mawe." Akacheka, kicheko cha kawaida cha mtoto aliyeshindwa kupika, na mkono wake haukwenda tumboni. Ulikuwa kwenye unga, ukiendelea kusukuma.

Lori likapita nyuma ya baba yake.

"Zimebaki?"

"Zangu zimebaki."

"Niwekee hizo."

"Sawa," akasema Chemutai, akanipa simu, akarudi kwenye donge lake. Nami nikawa nafuta macho kwa kona ya leso, na Chepkoech, ambaye haachi kitu kipite, akauliza Ticha ana nini. Nikamwambia ni vitunguu. Chemutai akaichukua kadibodi ya mandazi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaisoma yote hadi mwisho akitafuta vitunguu.